Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhesabu Tumbusi katika Ranchi za Tanga

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumefanya kazi zaidi ranchi ya Mzeri, Handeni, na Mkwaja upande wa Pangani. Mkwaja ilifugiwa ng'ombe hadi mwaka 2000, na sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mzeri mifugo ipo bado, kwa hiyo usalama wa tumbusi huko umo mikononi mwa wafugaji. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Fomu nyingi zimeharibiwa na kujumlisha. Mtu akiona tumbusi 12 saa tatu na 9 saa nne, anaandika 21. Kwenye mzoga ndege huenda na kurudi, wale wale. Hesabuni kila dakika 15, kisha andikeni idadi kubwa kuliko zote iliyoonekana kwa wakati mmoja. Kaeni garini, mita 200 hivi kutoka mzogani. Alfajiri msiwatafute angani. Hungoja ardhi ipate joto ndipo wapae, basi kagueni vilele vya miti.

Umri nao uandikwe. Tumbusi mgongo-mweupe aliyekomaa huonyesha weupe huo akikunjua mbawa. Tumbusi mchanga ni kahawia mwenye michirizi. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, ndiyo maana kila mchanga ana uzito katika hesabu. Pwani, yule tumbusi mla matunda ya michikichi huandikwa kimakosa kuwa furukombe, yaani tai mla samaki. Tazameni mkia: wa furukombe ni mweupe wote, wa tumbusi huyu ni mweusi wenye ncha nyeupe.

Linalonisumbua zaidi ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na fisi hupaka mzoga karbofurani, sumu ya kuulia wadudu, na tumbusi huwahi kufika. Mkikuta ndege wengi wamekufa, kucha zimekunjamana, na nzi wamekufa juu ya nyama, msiguse. Pigeni picha, chukueni vipimo vya mahali (GPS) kwa simu, mwiteni afisa wanyamapori siku hiyo hiyo.

Dawa ya maumivu ya diklofenaki nayo huua: tumbusi akila ng'ombe aliyechomwa sindano hiyo muda mfupi kabla ya kufa, figo zake hushindwa kazi. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, tumbusi wake wakiwa karibu kwisha. Meloksikamu, dawa nyingine, hutuliza maumivu vile vile bila kumdhuru ndege. Fomu mpya ina safu ya kuuliza mfugaji ametumia dawa gani; ijazwe papo hapo, kabla hamjaondoka bomani.