Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kuhusu mbwa wa Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Shangazi ameniambia kwamba siku ya kipaimara uliwatangazia ndugu kuwa nilimwiba Popi nyumbani kwako Sinza, na kwamba sasa unataka arudishwe. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakujibu hapa, mahali ambapo najua utasoma.

Sijasahau kwamba wewe ndiye uliyemleta Popi angali mchanga, ukamlisha maziwa kwa kitambaa mpaka akapata nguvu, wala kwamba Baba alipofariki wewe ulikuwa wa kwanza kuuliza mbwa atabaki na nani. Nia yako ilikuwa njema. Lakini Popi alizoea kushinda na Baba kwenye migomba na kulala mlangoni kwake, na ndani ya mwezi ule ule alimpoteza Baba, akaipoteza Moshi, kisha akafungiwa chumbani tangu alfajiri unapowahi daladala mpaka usiku. Mbwa aliyefiwa na kuhamishwa kwa pamoja ni rahisi sana kushikwa na hofu ya kuachwa.

Jioni niliyofika kwako bado inanisumbua. Mlango ulikuwa umekwanguliwa mpaka rangi ikabanduka, kucha zake mbili zilivuja damu, kifua kilikuwa kimelowa udenda, na sahani ya ugali na dagaa uliyomwachia asubuhi ilikuwa haijaguswa, imejaa sisimizi. Ukavua mkanda. Nilipokusihi, ulisema, “Anajua kosa lake, mwone anavyojikunyata.” Hakujua kosa lolote, mdogo wangu. Mbwa haunganishi kipigo cha usiku na mlango alioukwangua asubuhi; alijikunyata kwa sababu aliuona uso wako na kuisikia sauti yako. Sahani ile ndiyo iliyopaswa kukuambia ukweli, kwa maana mbwa aliyechoshwa na kukaa bure kwa kawaida hula kwanza ndipo aharibu vitu, ilhali aliyeshikwa na hofu kubwa hawezi hata kumeza mpaka mwenyewe arudi. Nawe ukamwongezea hofu nyingine, ya kurudi kwako.

Mnyororo uliosema utaununua kesho yake ungemmaliza, kwani mbwa wa namna hiyo akifungwa huweza kuvunja meno na kung’oa kucha akijaribu kujinasua. Ndiyo maana niliondoka naye ukiwa umelala. Ningekuomba ruhusa, ungeniambia nisubiri mwisho wa mwezi, na mwili wake haukuwa na mwezi mwingine wa kusubiri.

Hapa Morogoro nilianza na funguo. Alikuwa akizisikia tu anatetemeka, kwa hiyo nilizishika mara nyingi kwa siku bila kwenda popote, nikavaa viatu kisha nikaketi kumenya vitunguu, mpaka akaacha kuvijali. Ndipo nilipoanza kutoka nje na kurudi kabla hajaanza kulia, kwanza kwa sekunde chache, baadaye kwa dakika, na siku alipolemewa nilipunguza muda. Wakati wote huo hakuachwa peke yake; nilipokwenda kazini alishinda kwa mama jirani anayekaanga vitumbua. Daktari wa mifugo alimwandikia fluoksetini, dawa ya kupunguza hofu inayohitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, akanionya kwamba bila mazoezi haitoshi.

Unasema nilikuonea kwa sababu mimi ni mkubwa. Ukubwa wangu ungekuwa wa nini kama ningelala usingizi huku nikimsikia akilamba kucha zile? Ningefanya vile vile tena, na Baba angenielewa.

Hata hivyo sikufungii mlango. Njoo ukae hapa wiki moja au mbili, ufanye mazoezi haya kwa mkono wako, akuzoee upya. Mkanda ule usije nao. Na kabla hatujazungumza habari ya kumrudisha Sinza, nijibu hili: kuanzia alfajiri unapotoka mpaka usiku unaporudi, nani atakuwa naye?

Dada yako