Fomati ya data isipewe hataza

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hii hoja inayorudi kila mara, eti mtu akibuni fomati ya data apewe hataza, yani haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, sawa na aliyebuni mashine. Mi nakataa kabisa. Fomati ni makubaliano ya kupanga taarifa, namba hii ikae hapa, ile ifuate pale, ili programu yangu na yako zielewane, sasa uvumbuzi wa kufungiwa uko wapi hapo?

Na mahakama zishaliona hilo. Marekani mwaka 2014, kesi ya Digitech, kampuni ilidai hataza ya mkusanyiko wa data zinazoeleza jinsi kifaa kinavyoshughulika na rangi za picha, mahakama ya rufaa ikasema data tupu isiyoshikika haimo kwenye vitu vinavyopewa hataza. Ulaya nako kifungu cha 52 cha mkataba wao wa hataza kinatoa nje uwasilishaji wa taarifa. Safi.

Ila mawakili wana mlango wa uani. Kesi ya Lowry, 1994, Marekani hukohuko, yeye alidai hataza ya kumbukumbu ya kompyuta iliyopangwa data kwa muundo fulani, ofisi ya hataza ikakataa, mahakama ileile ya rufaa ikatengua. Yani muundo ukishaupachika kwenye kifaa unaonekana kitu!

Halafu kuna yaliyotokea kwa GIF, fomati ya picha, hili linaniuma zaidi. Kampuni ya CompuServe waliitoa 1987, watu wakaitumia wee, kumbe njia ya kubana data iliyomo ndani, LZW, ina hataza ya kampuni ya Unisys, na mwisho wa 1994 watengeneza programu wakatangaziwa walipie. Fomati yenyewe haikuwa na hataza lakini utaiandikaje bila LZW? Ndo maana watu wakakaa chini wakatengeneza PNG, fomati nyingine ya picha isiyotumia LZW, na hataza ile Marekani ikaisha 2003, miaka yote hiyo watu wanahangaika na picha walizopiga wenyewe.

Kwa hiyo ofisi za hataza ziulize hivi, ukiondoa kifaa kinachobeba data kinabaki nini? Kama ni mpangilio wa data tu, kataa ombi. Na wanaoweka viwango wasipitishe fomati yoyote mpaka wenye hataza waliomo waahidi kwa maandishi kwamba hawatadai hela, W3C, shirika la viwango vya wavuti, wana sera ya hivyo tangu 2004 na wavuti haujafa.

Ni mimi msomaji wenu