Risala ya Kikundi cha Wafugaji kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Jokofu na Kipimo cha Bruselosisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kikundi, wahudumu wa afya na wa mifugo, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianzishwa na wafugaji wachache ambao ng'ombe na mbuzi wao walikuwa wakitupa mimba kwa bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia watu wanapozalisha wanyama au kunywa maziwa mabichi. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: tunachemsha maziwa, tunavaa glavu tunapozalisha na kuzika kondo la nyuma, na tuna daftari la kuandika kila mimba inayotoka. Hayo yatoshe, maana tulilokuitia ni hili linalofuata.

Mheshimiwa, tangu David Bruce alipogundua bakteria wa bruselosisi kule Malta mwaka 1887, ugonjwa huu umejulikana kwa homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wanaotuumiza roho ni wale ambao hawaumwi hivyo. Mwenzetu mmoja aliumwa kiuno miezi mingi, akatibiwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kila asubuhi mkewe ndiye aliyemvalisha viatu. Kijana mwingine alivimba korodani moja, watu wakamshuku zinaa, akajifungia ndani kwa aibu. Mama mmoja aliumwa kichwa mfululizo na masikio yakaanza kuziba, akaambiwa ni mawazo. Wote watatu walikuwa na bruselosisi, na wote waligunduliwa mbali, baada ya kuuza mifugo ya nauli na matibabu. Mheshimiwa, ugonjwa huu hushika hadi vali za moyo, na hapo ndipo huua zaidi.

Kipimo cha kuanzia, Rose Bengal, hakihitaji mitambo. Tone la seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, huchanganywa na tone la kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, na ndani ya dakika 4 chembe zikishikana, mhudumu anajua pa kufuatilia. Lakini kitendanishi hicho hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na zahanati yetu haina jokofu.

Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi jokofu hilo hapa hapa, tukapiga makofi. Mgeni wa mwaka jana alisema liko njiani. Tukatengeneza meza ya kuliweka, fundi akavuta waya mpaka ukutani. Meza ipo hadi leo, imebeba madaftari. Hatumlaumu mtu, tunajua majukumu ni mengi; lakini yule kijana aliugua baada ya ahadi ya kwanza.

Kwa heshima kubwa, tunaomba jokofu, vitendanishi vya kudumu, na mafunzo kwa wahudumu wetu, ili mgonjwa wa mgongo, wa korodani au wa kichwa kisichopona aulizwe kwanza: unafuga? umezalisha mnyama? umekunywa maziwa mabichi? Tunaomba pia doksisaiklini na dawa inayoambatana nayo zisikatike, maana tiba ni wiki 6, na uti wa mgongo au moyo ukishashikwa huchukua muda mrefu zaidi. Anayeishiwa dawa katikati hurudiwa na ugonjwa.

Mheshimiwa, tunakuomba ututajie tarehe kabla hujaondoka. Katibu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.