Barua kwa mwanangu: hiyo laptopu usilale nayo tena

Mwanangu,

Picha uliyonitumia jana usiku nimeiona. Niliikuza nikaikagua, na asubuhi nimeikagua tena kabla ya kufungua duka. Tachipedi imeinuka upande mmoja, kifuniko cha chini kimeachana na fremu kwa unene wa sarafu, na ukibonyeza kushoto haibonyezeki. Halafu chini ya picha ukaandika eti umeilaza chini ya kitabu cha takwimu usiku kucha, kitandani, ikiwa kwenye chaji, ili tachipedi irudi mahali pake. Tachipedi haina shida yoyote. Betri iliyo chini yake imevimba.

Ukifika hapa acha kusoma kwanza. Izime kabisa, usifunge tu kifuniko ikalala. Chomoa chaja ukutani. Ondoa hicho kitabu. Itoe kitandani uiweke kwenye sakafu ya simiti, mbali na pazia, karatasi na godoro. Halafu rudi tuendelee.

Najua Jumatatu unaanza atachimenti, mazoezi yako ya kazi, Kisumu na akili yako yote iko huko. Mimi pia nimewaambia watu wote hapa Nakuru, mpaka muuza maziwa anajua. Lakini huwezi kuingia kwenye matatu kutoka Maseno na hiyo betri ndani ya begi, begi limebanwa chini ya gunia la mtu. Itoke kabla ya Jumatatu. Ikiwezekana itoke leo, mchana, kukiwa na mwanga.

Wewe hupendi kuambiwa fanya bila sababu, basi sababu ni hii. Betri ya laptopu yako haina gamba gumu la chuma. Ni seli bapa, kila moja imefungwa kwa pakiti laini ya alumini na plastiki, na ndani yake kuna kimiminika kinachoshika moto. Betri ikizeeka, ikipata joto jingi, au ikikaa asilimia 100 miezi na miezi kwa sababu mwenyewe hachomoi chaja, kile kimiminika kinaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, pakiti inavimba, inasukuma kilicho juu yake. Ninachokiogopa zaidi hata hivyo ni utando wa plastiki unaotenganisha upande chanya na upande hasi. Ni mwembamba kuliko unywele. Ukiikandamiza betri, ukaikunja au ukaitoboa, utando unachanika, pande mbili zinagusana, shoti inaleta joto, na hilo joto linachochea joto lingine mpaka seli ilipuke moto. Moshi wake una sumu ya fluoridi ambayo haifai kuvutwa hata kidogo. Sasa wewe uliilalia kitabu, kichwa chako kikiwa hapo kando.

Inaniuma kwa sababu unajua mambo. Wenzako wanaleta laptopu zisizowaka, unasugua meno ya RAM, kadi ya kumbukumbu, kwa raba, unarudisha, zinawaka. Ile simu iliyoanguka kwenye ndoo uliifungua na kuisafisha kwa spiriti badala ya kuizika kwenye mchele kama wanavyofanya wote. Ya watu unaitazama vizuri. Yako unaiwekea kitabu.

Utakavyoitoa. Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, namba 0, yenye ncha ambayo haijalika, na kadi ya benki iliyoisha muda. Usitumie kisu. Vua saa na bangili. Usiichaji kwanza "ili uone kama inafanya kazi". Kadiri chaji ilivyo chache ndani yake ndivyo nguvu ya moto inavyopungua. Laptopu ikiwa imezimwa na haina chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde 15 hivi, umeme uliobaki kwenye bodi uishe. Igeuze juu ya kitambaa kikavu, mezani, dirisha likiwa wazi. Legeza skrubu zote za chini. Kwenye hiyo Dell Latitude 7480 yako skrubu zinabaki zimeshikwa na kifuniko, kwa hiyo ukiona inazunguka na haitoki usiivute kwa koleo, imelegea tayari. Anza kubandua upande wa bawaba, kwa sababu betri iko upande wa mbele chini ya tachipedi, na kadi isizame zaidi ya upana wa kidole. Ikizama sana upande wa mbele utaidunga betri yenyewe, na hilo ndilo tunalolikwepa.

Kifuniko kikitoka, kitu cha kwanza kabisa ni kuchomoa plagi ndogo ya betri kwenye bodi. Shika plagi kwa kucha, usivute nyaya. Hapo ndipo unalegeza skrubu za betri na kuiinua kwa vidole viwili, ukiishika kwenye fremu yake ya plastiki. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka chini. Ikiwa imebanwa na haitaki kutoka, usishindane nayo: acha plagi imechomolewa, ipeleke kwa fundi anayefungua laptopu mbele yako, umwambie "betri imevimba" kabla hajaigusa. Atakayekwambia ataitoboa hewa itoke, chukua mashine yako uondoke. Na ukisikia sauti ya kuvuja, au harufu kama ya rangi ya kucha, au ukahisi inapata moto mkononi, iweke nje uwanjani, usogee.

Ikishatoka, ziba meno ya plagi kwa tepu nyeusi ya umeme. Iweke kwenye sufuria kuukuu au debe, katikati ya mchanga mkavu, nje, mahali mvua haifiki na watoto wa keateka, mtunza hosteli, hawafiki. Usiitupe kwenye pipa la hosteli wala chooni, na usiichome na takataka. Uliza ofisi ya kompyuta ya chuo wao hupeleka wapi betri mbovu. Kule Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki, wanaozipokea na kuzivunja ipasavyo. Usije nayo Nakuru kwa matatu ukidhani unanisaidia.

Ikitokea imewaka moto kabla hujafanya haya yote, usiishike. Toka nje ufunge mlango, piga kelele, mwite keateka. Moto ukiwa mdogo na laptopu haijachomekwa kwenye umeme, maji mengi yanaipoza, na mchanga unazuia moto usisambae, lakini hayo ni ya mtu aliye karibu na mlango. Laptopu tutanunua nyingine.

Bila betri, mashine yako itafanya kazi kwa chaja peke yake. Itakulalamikia wakati wa kuwaka kwamba haioni betri, bonyeza kuendelea. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika hata nusu sekunde inazimika papo hapo, na wewe na mimi tunajua umeme unavyokuja na kwenda jioni mvua ikianza. Basi kwa hizo siku chache weka programu ya kuandikia ijihifadhi kila dakika 1, na kidole chako kizoee Ctrl na S. Usisasishe BIOS, ile programu ya ndani inayoamsha mashine; mashine ya Dell yenyewe itakukatalia bila betri. Usisasishe Windows pia. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, utaamka na kioo cheusi siku ya atachimenti yako. Hilo la Windows 10 kuacha kupewa marekebisho tangu Oktoba 14, 2025 nalijua, na najua prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11, lakini hilo halitakuunguza usingizini. Tutalizungumza ukija.

Mara tu ikiwaka kwa chaja, nakili kazi ya mradi wako sehemu mbili: moja kwenye flashi, moja mtandaoni kwenye Google Drive. Flashi peke yake haitoshi, hupotea, hufa bila dalili, na wewe huichomoa bila kuitoa kwa usalama, usinibishie.

Radi ikianza huko, chomoa chaja kutoka ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, pengo la swichi ni milimita chache tu na radi inaliruka. Umeme ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka, kwa sababu mara nyingi hurudi ukiwa juu au unarukaruka kabla ya kutulia. Na hiyo ekstensheni ya chumbani kwenu yenye koili ya kuchemshia maji, birika na chaja nne: soketi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba takriban wati 3,100 tu, na birika na koili peke yake zinaweza kuimaliza. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi hazifiki hata hapo. Gusa plagi yake baada ya mtu kuchemsha maji. Ikiwa moto, mwambie asichemshie hapo.

Chaja. Chaja yako halisi imeandikwa 19.5 V na 3.34 A, wati 65. Ampea zikizidi hapo si neno, laptopu huchukua inachohitaji, lakini volti lazima zilingane. Katikati ya pini kuna sindano ndogo inayoiambia mashine hii ni chaja gani. Ikivunjika au ikikosekana, laptopu inawaka lakini inakataa kuchaji na inakwenda polepole. Ile chaja isiyo na jina iliyotoka hapa nyumbani Januari, iache huko huko kabatini. Ilikuwa ya haraka, shule ilikuwa inafungua, na pesa ilikuwa ya karo. Chaja peke yake haivimbishi betri, saketi ya ndani ndiyo inayopima chaji, lakini ile inapata moto kupita kiasi na ulikuwa unaiweka juu ya blanketi. Basi.

Betri mpya nitainunua mimi. Usiende kununua ya kwanza utakayoonyeshwa mjini. Kwa modeli yako ziko mbili, moja ya seli tatu yenye 42 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba) na moja ya seli nne yenye 60 Wh, na haziingiliani tu kiholela: volti ni tofauti, umbo ni tofauti. Ya seli nne imeandikwa F3YGT, 7.6 V. Anayekuuzia ya umbo lile lile akisema ina 90 Wh anakudanganya, hakuna nafasi ya kuingiza hizo seli. Ikija, kabla hatujamlipa mtu yote, ichaji mpaka ijae ukiwa macho umekaa nayo, fungua cmd, lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili la ripoti kwenye folda yako. Tazama DESIGN CAPACITY (uwezo iliotoka nao kiwandani) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa ikijaa). Kama ya pili iko chini sana kuliko ya kwanza, betri ni kuukuu iliyobandikwa stika mpya, tunairudisha.

Ikishakaa sawa, washa huku ukigonga F2, ingia Power Management, tafuta Primary Battery Charge Configuration, uchague Custom: ianze kuchaji kwa 50, iache kwa 80. Wewe hushinda umechomeka chaja, haihitaji kufika 100 kila siku. Kisumu kuna joto kuliko hapa, na joto ndilo linaloiua betri haraka. Usiiache juani dirishani ofisini kwao, na usiitumie juu ya mto wala blanketi, matundu ya hewa yako chini.

Hapa tuko salama. Simu ya shosho ilikataa kuchaji wiki nzima, akasema imerogwa. Mdogo wako ameizima, akachokoa tundu la chaja kwa kijiti cha meno, ametoa uzi na unga wa ugali uliogandamana mpaka ukawa mgumu. Shosho sasa anamwita fundi na anamuongezea nyama. Huyo huyo mdogo wako amemwaga chai kwenye kibodi ya duka, nikamwambia aigeuze kichwa chini na asiiwashe siku mbili. Ameiwasha jioni ile ile. Herufi A, S na D hazifanyi kazi. Matumizi ya tokeni za umeme yamepanda tangu tulete friji ya pili, kwa hiyo pasi ni Jumapili tu. Gesi iliisha jana katikati ya maharagwe.

Nimemwambia babako jambo hili, akasema nakuza mambo, mtoto amekwisha kuwa mkubwa. Yeye hajaona picha. Akiona atakupigia yeye, na hutapenda.

Usiku wa leo, iwe umeitoa betri au hujaitoa, hiyo laptopu haiingii kitandani. Kama hujaitoa, hailali chumbani kabisa. Iombee nafasi kwa keateka, kwenye sakafu ya simiti nje ya vyumba, na umweleze ni kwa nini.

Ukishaitoa, piga picha ya lebo yake, herufi zisomeke zote, unitumie kabla ya saa kumi. Kuna mtu anakwenda Nairobi kesho asubuhi na nitampa oda. Pesa ya nauli ya Jumatatu nitatuma kwa M-Pesa nikiona hiyo picha.

Mamako