Barua kwa Zuhura kuhusu stevia

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama. Barua yako imenifikia salama. Nimefurahia yote uliyoandika isipokuwa hilo la vipimo, ingawa nalo nashukuru limejulikana mapema, sukari ikiwa imepanda tu na kisukari chenyewe bado. Umeniuliza kama uache sukari uhamie kwenye stevia. Ndiyo, anza. Ila usiweke makazi huko: ikusaidie kupunguza sukari, kisha na yenyewe uipunguze. Ngoja nikueleze kwa nini.

Stevia ni mmea mdogo wa jamii moja na alizeti, na kwao ni Paraguay na sehemu za Brazil zinazopakana nayo. Waguarani, wenyeji wa huko, walikuwa wakitia majani yake katika vinywaji vyao tangu zamani, kabla Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyehamia Paraguay, hajauelezea kisayansi mwaka 1899. Mwaka 1931 wanakemia wawili Wafaransa, Bridel na Lavielle, walifanikiwa kukitenga kiini cha utamu wake, na katika miaka ya 1970 Wajapani wakaanza kuutumia viwandani.

Lakini Zuhura, ule unga mweupe wa madukani si majani yaliyosagwa. Majani hulowekwa katika maji ya moto, maji yakachujwa na kusafishwa hatua kwa hatua mpaka zibaki glikosidi za stevioli, ambazo ndizo zenye utamu. Hizo zilizosafishwa ndizo zilizokubaliwa Marekani mwaka 2008 na Ulaya mwaka 2011. Siyasemi haya ili uogope. Nataka tu usinunue kitu kwa sababu pakiti imechorwa jani la kijani.

Utamu wake ni mara 200 hadi 300 ya sukari, na bado haupandishi sukari ya damu. Tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuzivunja zile glikosidi. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazimega, stevioli inayobaki inapita kwenye ini na kutoka kwa mkojo. Kiwango salama kilichowekwa na wataalamu wa kimataifa ni miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kwa chai peke yake ni vigumu kukifikia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile inachochanganywa nacho. Kwa kuwa punje kidogo tu inatosha, watengenezaji huongeza kitu cha kujaza pakiti. Wengine hutumia dekstrosi (aina ya sukari) au maltodekstrini (unga utokanao na wanga), na hizo hupandisha sukari ya damu, jambo lile lile unalolikimbia. Kijazio kikiwa kidogo ndani ya kipakiti kimoja si neno, lakini ukitia vipakiti vingi kwa siku hesabu inabadilika. Wengine hutumia erithritoli, kitamu kingine ambacho hakipandishi sukari, ila utafiti wa mwaka 2023 ulikuta kwamba watu wenye kiwango kikubwa cha erithritoli katika damu walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Haujathibitisha kwamba erithritoli ndiyo chanzo, lakini mimi ningechagua stevia tupu, hata kama ni ghali zaidi. Tumia ncha ya kijiko tu, kwani ikizidi inakuwa chungu. Na kwenye keki usitarajie makubwa: haijazi kinyunga wala haileti ile rangi ya kahawia.

Kuhusu vitamu bandia ambavyo dada yako amekutisha navyo, sivitetei wala sivilaani. Sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879, iliwekewa onyo Marekani kwa sababu ya saratani ya kibofu kwa panya, na onyo likaondolewa mwaka 2000 ilipobainika kwamba kilichotokea kwa panya hakitokei kwa binadamu. Aspatemu nayo iliwekwa mwaka 2023 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini kiwango chake salama, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hakikubadilishwa. Stevia naipenda zaidi, ila si kwamba wenzake ni sumu.

Sasa sababu ya kukuambia usiweke makazi. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito au kujikinga na maradhi yasiyoambukiza, na stevia imetajwa humo. Ushauri huo hauwahusu wenye kisukari tayari, kwa hiyo wewe unakuhusu. Tafiti za muda mrefu hazikuonyesha kwamba watumiaji walipungua mafuta mwilini, na baadhi ziliwakuta na kisukari cha aina ya pili zaidi ya wengine. Huenda ni kwa sababu wanaovikimbilia ni wale walio hatarini tangu mwanzo. Shirika lenyewe limekiri hilo. Hata hivyo naamini wanachosema kuhusu ulimi: ukiendelea kuulisha utamu ule ule, utaendelea kuudai. Shusha kidogo kidogo. Ulimi unazoea, nakuhakikishia, na chai isiyo tamu sana inaanza kuwa na ladha ya majani ya chai.

Jambo moja kuhusu mama, na hili tafadhali usilisahau. Anachoma insulini. Usiiondoe sukari yote nyumbani. Siku akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba kwa sababu sukari imeshuka, stevia haitamsaidia hata chembe. Anahitaji sukari yenyewe, na haraka. Weka kopo lake mahali ambapo kila mtu anapajua, liandike jina, na umwonyeshe shemeji.

Ukishanunua hiyo stevia, piga picha ya nyuma ya pakiti unitumie, tusome viambato pamoja. Na vipimo vya mara ya pili ni lini? Niandikie tarehe nijipange, nikusindikize.

Wako akupendaye,
Rehema