Shoga, nimehesabu zamu zangu

Shoga yangu Mwanahawa,

Mimi huku sijambo, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokaririshwa darasa la nne. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na simu zako tatu sikupokea. Nitukane ukishamaliza kusoma. Mama yako mzima. Nilimkuta juzi kwa wauza samaki akigombania kolekole utadhani kamvua mwenyewe.

Niliogopa kuongea, ndiyo maana. Wiki mbili zilizopita nikiwa naiti tulipoteza watoto wawili kabla ya alfajiri. Mmoja aliletwa amechelewa, malaria kali, damu hamna. Wa pili nyumonia, alikuwa anaendelea vizuri. Saa nane kanyonya, saa kumi kabadilika. Nilimpumulisha kwa mfuko wa ambu mpaka viganja vikafa ganzi. Asubuhi tunakabidhiana zamu, yule mwenzetu mpya akafungua rejesta, akaona saini, akasema, "Sista Rehema tena? Wewe nawe na usiku wako!" Wakacheka. Inchaji hakucheka. Aliitazama ile saini kidogo, akafunga daftari.

Hiyo "tena" imeninyima usingizi.

Ikanikumbusha yule nesi wa huko kwenu Uholanzi, Lucia de Berk, aliyeshtakiwa kuua wagonjwa wake, uliyenisimulia ulipofika The Hague, nami nikakujibu "Wazungu nao wana mambo yao." Sasa nimeisoma kesi yake usiku kucha, na ilianza hivi hivi kama kwangu. Septemba 2001 kichanga kilifariki katika zamu yake pale hospitali ya watoto ya Juliana. Mwanzoni madaktari walikiona kifo cha kawaida. Kisha mtu akasema, mbona Lucia yupo kila mara? Wakarudi kwenye mafaili.

Hapo ndipo napokwama kila nikisoma. Hawakuchambua kwanza vifo vipi vina utata, halafu ndiyo waulize nani alikuwa zamu. Walianza na yeye. Alichokuwepo kikageuka cha kutatanisha, alichokuwa nyumbani kwake amelala kikabaki mapenzi ya Mungu. Kwa mtindo huo nani atapona?

Mtaalamu akaiambia mahakama kwamba nafasi ya nesi kukutwa na matukio yote yale kwa bahati tu ni 1 kati ya milioni 342. Mwaka 2003 akapewa kifungo cha maisha. Alipokata rufaa ikawa mbaya zaidi: 2004 wakamkuta na hatia ya kuua watu saba na kujaribu kuua watatu. Hakuna aliyemwona akifanya lolote, shoga. Majaji wa rufaa walisema hawategemei hizo hesabu, bali sumu ya digoksini, ile dawa ya moyo tuliyokuwa tunahakiki desimali mara tatu mbele ya Sista Agatha. Wakishaamini vifo viwili, vingine vikafuata tu, kama shanga kwenye uzi. Baadaye vipimo vilipopitiwa upya, hiyo sumu haikuthibitika.

Na ile milioni 342? Walizidisha nafasi za wodi moja kwa za nyingine. Maana yake nesi aliyehamishwa wodi nyingi ataonekana mchawi zaidi, hata kama hajagusa mtu! Richard Gill, mtaalamu wa takwimu, na wenzake walipopiga upya wakapata kama 1 kati ya 26. Upatu wa akina Kidawa una watu 24, na mimi nimetoka wa kwanza mara mbili. Mbona hamkuniitia polisi? Halafu hili: miaka mitatu kabla ya Lucia kuja wodi ile ya Juliana walikufa watoto saba, miaka mitatu akiwepo wakafa sita. Muuaji gani huyo anayepunguza vifo?

Aliyemwokoa ni daktari, Metta de Noo, shemeji wa daktari mkuu wa watoto wa hospitali ile ile. Fikiria Krismasi ya familia hiyo. Akapekua mafaili, akamvuta kaka yake Ton Derksen, mwanafalsafa, na huyo akaandika kitabu kizima. Aprili 2010 mahakama ya Arnhem ikamfutia kila kitu, waendesha mashtaka wenyewe wakiomba iwe hivyo. Lakini alishakaa ndani zaidi ya miaka sita na kupata kiharusi humo humo.

Lucy Letby, nesi wa Uingereza aliyefungwa kwa kuua vichanga, simwingilii, ingawa Februari 2025 wataalamu 14 walisema hawakuona mauaji katika mafaili ya vile vichanga. Nililoliona ni lile jedwali la zamu la kesi yake, alama zote zimejipanga chini ya jina moja. Tumbo lilinikata.

Basi juzi, watoto wamelala, nikawasha tochi ya simu nikaifungua rejesta. Tangu Januari vifo 19. Mimi nilikuwepo 11. Mwanahawa, nilikaa chini. Nikahesabu tena kwa kalamu, 11. Ndipo nikachukua rota. Kidawa mjamzito, naiti zake nimebeba mimi. Mosi anasoma, zake nimebeba mimi. Na wewe unajua, waliozidiwa huletwa usiku, baada ya kuzungushwa huko mchana kutwa. Ila kwenye rota usiku huo bado ni wa Mosi na Kidawa, maana tunabadilishana kwa mdomo. Siku ikiulizwa nani alipangwa na nani alikuwepo, nitaonekana nilijipeleka mwenyewe.

Lucia naye aliandika kwenye shajara kuhusu "tamaa" yake, mahakama ikaona ni tamaa ya kuua. Mwenyewe alisema ni kuwapigia wagonjwa ramli kwa karata. Lile daftari langu la kijani liko kwako bado? Lenye ukurasa wa "leo namuua Mosi"? Lichome, tafadhali.

Niambie, watu wa huko bado wanamtaja Lucia? Wale wenzake waliomnyooshea kidole, kuna aliyemwomba msamaha? Nimwambie inchaji tuanze kuandika mabadilishano ya zamu, au ataona najihami? Na yule mama wa nyumonia, kaniulizia wodini mara mbili, nimejificha stoo mara mbili. Nifanyeje? Nimfuate nyumbani? Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Jibu kabla ya Jumatatu. Naingia tena naiti, zamu ya Kidawa.

Wako,
Rehema