Wauza dawa wafundishwe kuongea na wavuta sigara

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Huku Tabora ukikaa jioni kwenye benchi la duka la dawa muhimu utaona mtu anakuja anakohoa, fegi kaizimia hapo mlangoni kipisi kakichomeka sikioni, anaomba sirapu ya kikohozi, anapewa, analipa, akitoka anakiwasha tena. Dada wa kaunta hajamuuliza kitu. Wala simlaumu, nani kamfundisha aulize nini?

Na huyo dada ndo tunamwita dokta. Nani atapanga foleni hospitali ya Kitete kisa anataka kuacha sigara? Hospitali mtu anaenda hali ikishakuwa mbaya, ila dukani anapita kila wiki. Maduka haya yalipoanza Ruvuma 2003 wauzaji walipigwa msasa kwanza ndo wakaruhusiwa kutoa dawa, sasa hili nalo linashindikana vipi?

Uingereza famasi za mtaani zinafanya hii kazi miaka mingi, na tangu 2022 mtu aliyeanzishiwa kuacha akiwa wodini anaweza kukabidhiwa kwa famasi ya karibu na kwake amalizie hapo. Maneno yenyewe wanayofundishwa hayazidi nusu dakika, unavuta? ukisaidiwa na ukipata dawa ni rahisi zaidi kuacha, nikusaidie? Basi. Kwamba sigara ina madhara hata pakiti imeandikwa, hakuna haja ya kumhubiria mtu.

Penye kazi ni kwenye dawa. Bigijii ya nikotini, ile ya kumpunguzia mtu hamu ya sigara, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, lakini mtu akiitafuna kama bigijii ya dukani nikotini yote anaimeza na mate, kwikwi na kichefuchefu vinamshika, anaitupa anasema feki. Inatafunwa taratibu mpaka isikike kama pilipili, halafu unaibana kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha unatafuna tena, na soda au kahawa uache kwanza. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke anapewa ya miligramu 4, wengine 2 inawatosha. Sasa haya mteja atayajuaje kama muuzaji mwenyewe hayajui?

Kweli bigijii zenyewe madukani huku sijaziona. Ila hata bila hizo muuzaji anaweza kumwambia mtu kwamba hasira na kukosa usingizi ni vikali siku za mwanzo, wiki tatu nne vinapoa, apitie tena kesho kutwa. Na anayekohoa zaidi ya wiki mbili asipewe sirapu tu, aambiwe akapime TB, ni bure.

Wapo watakaosema mkoa huu unakula kwa tumbaku, Urambo na Kaliua watoto wanasomeshwa nayo. Sawa, lakini tumbaku yetu nyingi inauzwa nje, jirani yangu akiacha kuvuta mkulima hapungukiwi kitu.

Baraza la Famasi, tafadhali, mafunzo yasiwe ya siku tano kwenye ukumbi wa hoteli, maana muuzaji wa huku kwetu Ng'ambo akikosekana siku tano bosi anaweka mtu mwingine. Jumapili mbili tatu mchana zinatosha, waigize pale pale kaunta mmoja awe mteja mbishi, na wenye maduka waitwe pia kwa sababu wao ndo wanaamua kipi kiletwe kwenye shelfu.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Tabora